Dharra, Atomu na Kilicho Kidogo Zaidi

Mtoto wa pwani hukutana na habari ya kitu kidogo mno mara mbili. Chuoni hulisoma neno dharra katika Surat az-Zilzala, sura fupi ambayo wengi wetu tuliihifadhi kabla ya kujua maana yake. Skuli hufundishwa atomu katika somo la kemia. Mara nyingi sisi watu wazima humwambia kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja. Jawabu hilo hutolewa kwa nia njema, lakini lina hatari yake. Mtoto aliyeambiwa kuwa dharra ni atomu, na kwamba atomu ndiyo mwisho wa udogo, itafika siku mwalimu amweleze kuwa atomu ilikwisha kupasuliwa zamani. Siku hiyo atatuuliza ni nani aliyekosea, na ni wajibu wetu kuwa tumejiandaa.

Jina lisilolingana na kitu chenyewe

Neno atomu lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni kisichokatika. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Democritus wa Uyunani alishikilia kwamba ukikigawa kitu, kisha ukaigawa nusu yake, na nusu ya nusu hiyo, mwishowe utafikia chembe isiyogawika tena. Hakuwa na chombo cha kupimia. Alifika hapo kwa kufikiri tu. Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton aliitetea rai hiyo kwa ushahidi wa mizani. Elementi huungana kwa viwango maalumu vya uzito, na jambo hilo hufahamika kwa urahisi iwapo kila elementi ina chembe zake zenye uzito wake.

Udogo wa chembe hizo ni mgumu kuuwazia. Atomu zipatazo milioni 10 zikipangwa mstari mmoja hazizidi urefu wa milimita chache. Maji ya kijiko kimoja cha chai yana atomu ambazo hesabu yake ni takriban 5 ikifuatwa na sufuri 23.

Kisha kisichokatika kikakatika. Mwaka 1897, huko Cambridge, J. J. Thomson aligundua elektroni, chembe iliyo nyepesi karibu mara 1,800 kuliko atomu ya haidrojeni, ambayo ndiyo atomu nyepesi kuliko zote. Mjini Manchester, Ernest Rutherford na wasaidizi wake Geiger na Marsden waliurushia utando mwembamba wa dhahabu chembe ziendazo kwa kasi kubwa. Nyingi zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu, ila chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza sababu: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo sana kilicho katikati, na elektroni zimekizunguka. Lau kiini cha atomu ya haidrojeni kingekuwa na ukubwa wa punje ya pilipili manga, atomu nzima ingekuwa na upana wa mita 300 hivi, sawa na viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu wake.

Kiini nacho kilionekana kuwa na sehemu zake, yaani protoni na nyutroni. Nyutroni iligunduliwa na James Chadwick mwaka 1932. Mwaka 1964, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walisema kwamba hata protoni na nyutroni zimejengwa kwa chembe ndogo zaidi, ambazo Gell-Mann aliziita kwaki. Kuanzia mwaka 1968, majaribio yaliyofanywa Stanford, Marekani, yalithibitisha kuwa ndani ya protoni mna vitu vidogo mfano wa nukta.

Kwaki ziko aina sita, lakini maji, chumvi, mbao za jahazi na damu yetu vimejengwa kwa mbili tu kati ya hizo, kwaki ya juu na kwaki ya chini, pamoja na elektroni. Protoni ina kwaki mbili za juu na moja ya chini. Nyutroni ina mbili za chini na moja ya juu. Wala kwaki haijapata kuonekana peke yake. Ukijaribu kuitenga na wenzake, nguvu unayotumia kuivuta huzalisha kwaki nyingine, nayo hupata mwenza papo hapo.

Hadi leo hakuna aliyeonyesha kuwa elektroni au kwaki ina sehemu ndani yake. Hata hivyo wanafizikia hawajafunga mlango. Wanakadiria kwamba maada hii tuijuayo ni kiasi cha asilimia 5 tu ya vyote vilivyomo ulimwenguni.

Mjadala wa kale, Basra na Baghdad

Swali hili si geni kwa Waislamu. Katika karne ya tatu ya Hijria, Abu al-Hudhayl al-Allaf alitetea kuwepo kwa sehemu isiyogawanyika, na mwanafunzi wake an-Nazzam akampinga, akisema kila sehemu yaweza kugawanywa tena. Baadaye wanavyuoni wa Ash'ari waliishika rai ya kwanza, naye Ibn Sina akaikataa. Wote hao walikuwa wakiisoma Qur'ani moja, na neno dharra walilijua. Hata hivyo sehemu kubwa ya hoja zao waliijenga juu ya mwendo, nafasi na wakati.

Wafasiri wa kale walipolieleza neno dharra, walisema ni mdudu chungu mdogo, au ni chembe ya vumbi ionekanayo katika mwali wa jua upenyao dirishani. Katika tafsiri za Kiswahili pia tunakuta mdudu chungu na chembe. Matumizi ya dharra kwa maana ya atomu ya kemia ni ya zama hizi, pale waandishi wa Kiarabu walipohitaji jina la kitu kilichogunduliwa maabarani, wakaazima neno lililokuwapo. Basi kulirudisha neno hilo kwenye aya likiwa na maana yake mpya ni kuigeuza safari yake. Vumbi lenyewe walilolitaja wafasiri, hata punje yake moja, lina atomu mamilioni kwa mamilioni.

Wako wanaoitegemea aya ya 61 ya Surat Yunus, inayotaja pia kilicho kidogo kuliko dharra, wakisema imebashiri elektroni na kwaki. Tunawasihi wawe na tahadhari. Aya hiyo inazungumzia ujuzi wa Mola, ambao haukosi kitu kiwe kidogo au kikubwa, na maana hiyo haihitaji kusubiri matokeo ya maabara. Fizikia hujirekebisha kila kizazi, na hiyo ndiyo kazi yake. Tukiifunga aya kwenye matokeo ya mwaka fulani, matokeo yakibadilika tutakuwa tumewatia watoto wetu shaka isiyo na sababu.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akiuliza, tumfundishe kila somo kwa haki yake. Surat az-Zilzala inamwambia kuwa hakuna tendo, la kheri wala la shari, lililo dogo hata lipotee: ndugu aliyepishwa kiti, au shilingi iliyozidi katika chenji na haikurudishwa. Kemia na fizikia zinamwambia maji ya kijiko chake yameundwa na nini. Na akiuliza ni nani aliyekosea, tumwambie kwamba aya haikusema atomu haipasuki, na mwalimu wake hakusema uongo.

Wallahu a'alam.