Fahamu: Kwa nini Linux inawavutia wenye kompyuta za zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11, hasa ile chipu ya usalama, TPM 2.0. Je, zitupwe?

Si lazima: zaweza kutumia Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, na msimbo wake uko wazi: yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Hakuna leseni ya kununua, wala haja ya Windows ya wizi na virusi vyake. Matoleo yake kama Ubuntu au Linux Mint unayajaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa mafaili yako. Uhuru wa msimbo wazi ndio uliouwezesha mradi wa Kilinux, Dar es Salaam, kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Kasoro zipo. Photoshop haina toleo la Linux. Programu za ofisi za LibreOffice zatosha kwa barua na hesabu, ingawa nyaraka zenye mapambo mengi huvurugika. Printa nayo, ijaribu kabla hujafuta Windows.