Tulipu Chini ya Kilimanjaro

Kwenye vitalu vya kando ya barabara mjini Moshi, viriba vimejaa mawaridi, kana, jasmini na bogonvilia za kila rangi. Tulipu hakuna. Wapenda bustani huuliza sababu, tena wakiutazama mlima wenye theluji: baridi si ile pale?

Kuota, tulipu huota. Kazi iko kwenye kuchanua. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, kwenye majira marefu ya baridi, na tunguu lake hulazimika kupitia wiki 12 hadi 16 za baridi kali kabla shina halijarefuka na kutoa ua. Moshi mjini, hata usiku wa Julai, nyuzi joto hazishuki sana chini ya 15. Matokeo yake ni majani, na pengine ua lililodumaa karibu na udongo.

Na kule juu mlimani, kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720? Usiku maji huweza kuganda, mchana jua huchoma. Baridi ya Kilimanjaro ni ya kila usiku, si ya msimu. Isitoshe, ile ni hifadhi ya taifa, si bustani ya mtu.

Wasiokata tamaa hutumia friji: matunguu hukaa ndani ya mfuko wa karatasi miezi mitatu au minne, kisha hupandwa Juni. Hapo Mchagga ana mtihani wa ziada. Ndizi mbivu na maparachichi yakiwekwa kwenye friji hiyo hiyo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Basi ama matunda, ama tulipu. Na mwaka unaofuata tunguu lataka baridi upya. Ni gharama kubwa kwa maua ya wiki moja au mbili.

Swali lenye faida zaidi ni la bogonvilia: mbona inajaa majani matupu? Mara nyingi imedekezwa. Inamwagiwa maji kila jioni, inawekewa samadi tele, tena iko kivulini mwa mwembe. Mmea huu wa Amerika Kusini hutaka jua la kutwa na kiu kidogo. Zile rangi zenyewe ni majani yaliyobadilika. Ua halisi ni kijimrija cheupe katikati yake.

Mlima nao una ua lake. Impatiens kilimanjari, jekundu lenye njano na mkia uliojikunja kama mkonga, asili yake ni misitu yenye unyevu ya Kilimanjaro peke yake.

Jirani yake ndiye aliyesafiri. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliliona ua dogo la zambarau upande wa Tanga na Usambara, akalipeleka kwao. Likaitwa Saintpaulia, na leo hupamba madirisha ya Ulaya. Barazani Moshi linastawi vizuri likipata kivuli, maji yakitiwa kwenye kisahani chini ya chungu, maana yakimwagika juu ya majani yake yenye vinyweleo huacha madoa.