Kabati Lililojaa (2): Nguo Isiyovaliwa Haidumu Mbweni

Katika sehemu ya kwanza, makala haya yalieleza jinsi makabati ya wakazi wa Dar es Salaam yanavyojaa: mitumba ya bei nafuu, sare za sherehe, zawadi kutoka kwa ndugu waliosafiri. Leo yanaingia kwenye kazi yenyewe ya kupunguza, na yanaanzia kwenye jambo ambalo wengi hawalitii maanani, nalo ni hewa.

Mbweni ni kata ya Kinondoni iliyoko ufukweni, jirani na Boko na Bunju. Nyumba nyingi zilizojengwa huko miaka ya karibuni zina makabati marefu yaliyojengewa ukutani, yenye milango inayofunga vizuri. Upepo wa bahari unaopoza vyumba jioni ndio huo huo unaoleta unyevu ndani ya makabati hayo. Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam mara nyingi huzidi asilimia 70, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nguo zilizobanana hukaa wiki nyingi bila kupata hewa kavu. Kwa ukungu, hayo ndiyo mazingira bora ya kuota.

Dalili zake zinaonekana kwa anayetazama kwa karibu. Koti la suti lililotundikwa tangu mwaka juzi lina vidoa vya kijivu mgongoni, upande uliogusa ukuta. Lastiki ya sketi ikivutwa hukatika uzi kwa uzi na hairudi. Mkoba wa ngozi ya bandia umeanza kubambuka. Viatu navyo hushangaza zaidi: jozi iliyovaliwa mara mbili tu hutolewa kwenye boksi baada ya miaka kadhaa ikiwa nzima kwa macho, mwenyewe akapiga hatua chache kuelekea getini na soli zikameguka kama mkate mkavu. Soli za namna hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani, plastiki ambayo unyevu huivunja polepole hata kama kiatu hakikanyagi ardhi.

Kwa hiyo anayeweka nguo kwa hoja kwamba "ipo siku itafaa" haweki akiba. Anaiacha iharibike ndani ya nyumba yake, wakati kuna mtu ambaye angeivaa leo.

Wanawake wa pwani walilijua tatizo hili zamani. Doti za kanga zilikunjwa sandukuni pamoja na karafuu au asumini, na nguo za kutokea zilifukizwa udi juu ya chetezo. Lakini sanduku hilo lilikuwa na kikomo chake, na lilifunguliwa mara kwa mara: kanga ziliguswa, zikaanikwa, zikavaliwa, zikagawiwa kwa mabinti.

Siku hizi wengi wamehamia kwenye vile vidonge vyeupe vya naftalini. Hapo tahadhari inahitajika, hasa kwa wanaotunza nguo za mtoto wa kwanza wakimsubiri wa pili. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD ni hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwa watu wa maeneo yenye malaria, pwani ya Tanzania ikiwamo. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivalishwa nguo zilizokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akapungukiwa damu na macho yake yakageuka manjano. Nguo za mtoto ambazo hazina mvaaji sasa zina faida zaidi kwa jirani mwenye mtoto kuliko zikibaki na vidonge hivyo.

Kuna njia za kupunguza zilizopata sifa duniani. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2010, hushauri nguo zote zitolewe na kurundikwa mahali pamoja, kisha kila moja ishikwe mkononi na kubakishwa ile tu inayompa mwenyewe furaha. Mwaka huo huo Mmarekani Courtney Carver alianza utaratibu wa kuvaa vitu 33 kwa miezi mitatu, akihesabu nguo, viatu na mapambo, bila kugusa nguo za ndani wala za kulalia.

Hatua ya kwanza ya Kondo inafaa Mbweni kama ilivyo, mradi ifanywe kati ya Juni na Septemba, miezi ya jua kavu. Mikeka itandikwe, kila kitu kitoke, hata kile kilichomo kwenye mfuko wa shangazi kaja juu ya kabati. Kwa anayezitoa nguo zote siku moja, rundo lenyewe humfumbua macho: mashati meupe manane ya kazini, na mawili tu ndiyo yanayovaliwa.

Swali la furaha, hata hivyo, halitoshi. Kanga nzito ya kujifunga msibani haimpi mtu furaha, na bado haitoki. Nguo za ibada, za msibani, za kazini na za kushindia zina mizani tofauti. Jaribio rahisi zaidi ni la viango: vyote vigeuziwe upande mmoja, na kila nguo inayovaliwa ikirudishwa, kiango chake kigeuzwe upande wa pili. Baada ya miezi sita, viango ambavyo havijageuzwa vitakuwa vimeshatoa jibu bila mabishano.

Mara nyingi hivyo vitakuwa na sare. Harusi moja ya Dar es Salaam inaweza kutanguliwa na kitchen party na send-off, kila shughuli na rangi yake, na gauni lililoshonwa kwa haraka huvaliwa saa sita kisha likakaa miaka sita. Hapa fundi cherehani ndiye mkombozi. Gauni refu la kitenge hutoa sketi na kitambaa cha kichwa. Satini hutoa foronya au gauni la binti mdogo. Kamati za sherehe nazo zinaweza kusaidia zikichagua doti ya kanga au kitenge kinachovalika tena badala ya kitambaa kinachong'aa cha usiku mmoja.

Zinazobaki ziende wapi? Wapo wachuuzi wanaopita mitaani wakibadilisha vyombo kwa nguo, na hao huchambua kwa ukali: hutazama kwapa, kola na zipu kabla ya kutaja beseni. Wana sababu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vya ndani. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zililegeza msimamo. Rwanda ilibaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, kutoka senti 20, na Julai 2018 nafuu kwa nguo zake ikasitishwa. Mabelo yakaendelea kushushwa bandarini Dar es Salaam. Nguo kutoka Mbweni inashindana nayo huko kwenye masoko ya Tandika na Karume, na iliyokwisha kuota ukungu haina mnunuzi.

Hivyo kinachotolewa kitolewe kingali kizima, kifuliwe, kipigwe pasi, vifungo vikazwe. Nguo za ndani hazimo katika hesabu hiyo. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uuzaji wake zikiwa zimetumika, na heshima ya anayepokea inataka vivyo hivyo. Pamba iliyochakaa inafaa kwa matambara ya gereji kwa sababu inanyonya oili. Poliesta hainyonyi, na ikifika dampo la Pugu Kinyamwezi itakaa huko miaka mingi kama plastiki nyingine yoyote.

Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itaangalia namna ya kununua: jinsi ya kuisoma lebo ya kitambaa mnadani, na vitambaa gani vinastahimili joto na unyevu wa pwani.