Je, Ndoa Huua Kalamu?

Julai 1913, huko Prague, mwandishi Franz Kafka alifungua shajara yake akaorodhesha hoja za kuoa na za kutooa. Iliyomtisha zaidi ilikuwa hii: akiwa na mke atakosa upweke, na bila upweke hataandika. Alichumbia mara tatu, akafa kapera mwaka 1924.

Hofu hiyo ilipata mtetezi mwaka 2003. Mwanasaikolojia Satoshi Kanazawa alipitia wasifu wa wanasayansi 280 akaona kwamba waliooa waliacha kuvumbua mambo makubwa miaka michache baada ya harusi, ilhali makapera wengi waliendelea hadi uzeeni. Kwa maoni yake, mwanamume husaka sifa ili apate mke. Akishampata, hamu inapoa.

Mimi sijashawishika. Hao walikuwa wanasayansi, na karibu wote wanaume. Halafu harusi haiji peke yake: huja na watoto, karo na vyeo vya kukalia vikao. Na kwa waandishi mambo huweza kugeuka kabisa. Leo Tolstoy alizaa watoto 13 na mkewe Sofia, na Sofia huyohuyo ndiye aliyekuwa akinakili kwa mkono rasimu za riwaya yake Vita na Amani, tena na tena, ili mumewe aendelee kuzifuta na kuziandika upya. Ndoa ile haikumwibia Tolstoy saa zake. Kama kuna aliyeibiwa, ni Sofia.

Upweke nao una aina zake. Mwaka 2017 Julie Bowker na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, waliwapima vijana wanaojitenga. Waliokaa peke yao kwa sababu tu hawakuhitaji sana watu walionekana kuwa wabunifu zaidi. Waliojitenga kwa haya au kwa kuwakwepa watu hawakuwa hivyo.

Chukua upweke wa ujane. Mshairi Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake maarufu mnamo 1858, akiwa mjane na mgonjwa. Wosia huo unaofunza namna ya kuishi na mume umetoka kwa mwanamke aliyekwisha kufiwa na mume wake. Lakini ujane sio uliomsukuma. Alikuwa na binti, na alikuwa na la kumwachia.

Msukumo wa kuandika unapimika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, mwanasaikolojia Teresa Amabile aliwaita waandishi 72 wakatunga shairi fupi kuhusu theluji. Kisha kundi moja likapewa orodha ya sababu za kuandika zilizohusu fedha na umaarufu, wazipange kwa uzito. Jingine likapewa sababu za raha ya kucheza na maneno. La tatu likasoma hadithi tu. Wote wakatunga shairi la pili, kuhusu kicheko, na washairi wazoefu wakatoa alama bila kujua nani ni wa kundi gani.

Waliotoka kufikiria fedha na umaarufu walishuka waziwazi. Waliokumbushwa raha hawakuwazidi wale waliosoma hadithi, huenda kwa kuwa raha hiyo walikuja nayo kutoka nyumbani.