Kanuni: Asili, Maana na Matumizi

Mwalimu na mtahiniwa, neno "kanuni" hutajwa sana katika uhakiki wa ushairi. Je, lina maana gani hasa?

Asili yake ni neno la Kigiriki kanon, yaani fimbo nyoofu ya kupimia. Kanisa lililichukua na kulipanua. Maazimio 20 ya Mtaguso wa Nikea (325) huitwa kanuni, ilhali sheria ya dola ilikuwa na jina lake, nomos. Orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa Maandiko Matakatifu pia iliitwa hivyo. Katika Enzi za Kati, yapata mwaka 1140, Gratian alikusanya na kupatanisha kanuni za Kanisa mjini Bologna. Waarabu walilipokea neno hilo kama qanun, na kupitia kwao likaingia katika Kiswahili.

Leo twasema kanuni za shule, kanuni za usafi, na kanuni za kisayansi. Katika ushairi wa jadi, kanuni ni arudhi: vina, mizani, mishororo na kadhalika.

Zingatia kwamba maana ya kipimo ingalipo. Mshairi akiandika "kamwambia" badala ya "akamwambia" ili kutosheleza mizani, usiseme amekosea. Hiyo ni inkisari, mojawapo ya mbinu za uhuru wa mshairi. Ukiulizwa kuhusu uhuru huo:

(a) taja mbinu;
(b) toa mfano kutoka shairini;
(c) eleza sababu ya kuitumia.

Anayeishia (a) hupoteza alama alizostahili kupata.