Idadi ya Wageni wa Tovuti na Siri za Watumiaji

Tovuti ikitamba kwamba imefikiwa mara milioni moja kwa mwezi, swali la kwanza ni kilichohesabiwa. Ukurasa wenye picha 20, ukifunguliwa na mtu mmoja, huipelekea seva maombi 21: moja la ukurasa wenyewe na 20 ya picha. Mwenye tovuti anaweza kutangaza 21 au 1, na kwa vyovyote vile asiwe amesema uongo. Hesabu ya watu nayo hutegemea alama inayowekwa kwenye kifaa, hivyo mwenye simu na kompyuta huonekana watu wawili. Zaidi ya hao kuna programu zinazojiendesha, ambazo zisipochujwa huhesabiwa kama wasomaji.

Kampuni kubwa hazijaepuka tatizo hili. Septemba 2016, Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka 2 ilikuza wastani wa muda ambao watu hutazama video. Muda wote wa kutazama uligawanywa kwa idadi ya waliofikisha angalau sekunde 3. Walioipita haraka wakaachwa nje. Kigawanyo kilipopungua, wastani ukapanda, na wafanyabiashara wakapanga bajeti za matangazo kwa takwimu hizo. Kesi iliyofunguliwa California ilimalizwa 2019 kwa makubaliano ya dola milioni 40. Mwaka 2017 ilibainika pia kwamba kampuni hiyo iliahidi kuwafikia vijana milioni 41 wa Marekani wenye umri wa miaka 18 hadi 24, ilhali takwimu za sensa zilionyesha milioni 31 tu. Facebook ilijibu kwamba makadirio yake hayakukusudiwa kulingana na sensa. Jibu hilo halimsaidii mnunuzi wa tangazo, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyeshika mizani.

Ulinzi wa taarifa za watu una kasoro ileile: anayefaidika nazo ndiye anayezilinda. Mtafiti Aleksandr Kogan alitengeneza programu ya kupima tabia ya mtu kwa maswali, na watu wapatao 270,000 wakaijaza. Kanuni za Facebook za wakati huo ziliruhusu programu kuchukua pia taarifa za marafiki wao, ambao hawakuulizwa lolote. Hivyo huenda watu hadi milioni 87 waliguswa. Taarifa hizo zilifika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyofanya kazi pia katika kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Facebook ilifahamu jambo hili 2015, ikaridhika na ahadi kwamba taarifa zimefutwa. Umma ukapata picha kamili Machi 2018. Hakuna mdukuzi aliyevunja mlango. Julai 2019, Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5.

Aprili 2021, taarifa za watumiaji wa Facebook milioni 533, zikiwemo namba za simu, zilimwagwa mtandaoni bure. Zilikusanywa kupitia huduma ya kutafuta marafiki kwa namba, na Ireland ikaitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 265. Afrika Mashariki uvujaji kama huo una uzito wa pekee, kwa sababu namba ya simu ndiyo pia akaunti ya fedha, na ndiyo tapeli anayoanzia. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinampa mwananchi haki ya kuuliza ni taarifa zake zipi zimehifadhiwa na kudai zenye makosa zirekebishwe.