Sayari kujipanga si nuksi, kimondo si dawa

Maswali yamemiminika kutoka Mbeya, Vwawa, Makambako na Iringa, na mengi yanafanana: sayari zikijipanga angani, kama Februari 2025, ni dalili ya nini? Wapo walioambiwa ni nuksi, kisha wakauziwa unga wa kimondo wa kuiondoa. Wauzaji hao ni matapeli.

Sayari hujipanga kwa kuwa hazina njia nyingine. Zote nane hulizunguka Jua kuelekea upande mmoja, na njia zake zimelala karibu usawa mmoja. Hata ya Utaridi, iliyoinama kuliko zote, imepishana na ya Dunia kwa nyuzi 7 tu. Ndiyo maana Zuhura, Mirihi na Mshtarii huonekana daima kwenye ukanda uleule wa anga.

Chanzo ni wingu. Miaka bilioni 4.6 iliyopita, gesi na vumbi vilianza kujikusanya kwa mvutano wake vyenyewe. Chembe zilikwenda huku na huko, lakini ukijumlisha mizunguko yote, upande mmoja ulizidi kidogo. Ziada hiyo haifutiki. Kadiri wingu linavyosinyaa, ndivyo linavyozunguka kwa kasi. Na hapa ndipo penye uhondo wenyewe: chembe zilizopanda ziligongana na zilizoshuka, mwendo wa juu na chini ukaishia kuwa joto. Zilizozunguka kinyume zilikuwa kama gari lililoingia kipilefti upande usio wake. Ziligongwa, zikapungua kasi, zikazama katikati au kuburutwa na zilizo nyingi. Ikabaki sahani nyembamba inayozunguka upande mmoja, na sayari zikazaliwa humo, kila moja ikiurithi mwendo huo. Si nadharia ya mezani tu. Mwaka 2014 darubini ya ALMA, nchini Chile, ilipiga picha nyota changa HL Tauri ikiwa katikati ya sahani ya namna hiyo.

Msomaji mmoja anasema Zuhura huenda kinyume. Hujizungusha kinyume kwenye mhimili wake, naam, lakini njia yake kulizunguka Jua ni ya upande uleule.

Masalia ya enzi hiyo ya kuzaliwa kwa sayari tunayo jirani. Kimondo cha Mbozi, kilichopo Mlima Marengi, mkoani Songwe, eneo lililokuwa la Mbeya hadi 2016, kina urefu wa mita 3 hivi. Karibu asilimia 90 ni chuma na takriban 9 nikeli. Vimondo vya chuma kwa kawaida hutoka kwenye viini vya magimba madogo yaliyoyeyuka, kisha yakavunjika kwa kugongana. Ni hazina ya elimu, na inaniuma kuona jina lake likitumika kuwaibia watu.

Tena unga huo unaweza kudhuru. Nikeli huwaletea watu wengi mzio wa ngozi. Unga usio safi ukipakwa kwenye kidonda unaweza kuingiza pepopunda. Usiupake, usiunywe, usimpe mtoto. Kama umeshautumia na unaumwa, nenda kituo cha afya leo, na pakiti uliyouziwa uibebe daktari aione.